Mama Tulia wa Chumba cha Sumaku

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa kitengo cha ukokotoaji wa picha katika idara yetu ya radiolojia atakabidhi funguo na kwenda nyumbani, akiwa ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kwenye jalada lake la utumishi ana majina matatu kamili. Hapa kazini hakuna anayeyatumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Mama Tulia, kwa sababu ndilo neno ambalo maelfu ya wagonjwa wamelisikia kutoka kwake kupitia spika ya mashine ya MRI: "Tulia, mpenzi. Usitikisike. Tunamaliza sasa hivi." Wengi wao watakuambia kwamba hiyo "sasa hivi" ilikuwa ya dakika arobaini na tano.

Kamati ya sherehe iliponiomba niandike wasifu huu, nilisita. Mimi ni daktari wa kusoma picha, nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na saba, na nusu ya niliyo nayo ya kusema si mambo ya kusemwa kwenye hafla ya kuagana. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja ofisini kwangu akasimama mlangoni, mikono ndani ya lile sweta lake zito. "Andika, daktari," aliniambia. "Ila usinipambe. Na habari ya mshonaji usiiruke." Basi naandika kwa ruhusa yake, na kwa ruhusa ya mshonaji pia, ambaye nilimpigia simu wiki iliyopita.

Mama Tulia hakuanza na kompyuta. Alianza kama karani wa ghala la filamu, kile chumba kisicho na dirisha kwenye korido ya nyuma ambacho siku hizi kinawekwa mashuka. Wakati huo picha zote zilikuwa za filamu, zikinuka dawa, na zilipangwa kwenye rafu kwa namba. Waliomkuta husimulia kwamba ukimtajia namba, alikuletea filamu kabla hujamaliza kukaa. Tatizo lake lilikuwa moja: hakuileta hivi hivi. Aliinua kwanza kwenye taa, akatazama, kisha akauliza. Kwa nini mfupa ni mweupe? Kwa nini huyu ana kivuli hapa na yule hana? Daktari aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu alichoka kujibu. "Bibi wewe," alimwambia siku moja, "nenda shule, utaniua kwa maswali."

Akaenda. Miaka minne ya masomo ya jioni ya fizikia, kisha miaka mitatu mingine ya kompyuta, na huku nyumbani ana mabinti wawili wadogo. Mama na watoto walifanyia kazi zao za shule kwenye meza moja. Mumewe, fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na utani mwingi, hujigamba kuwa yeye ndiye mwanamume pekee mtaani kwao aliyejifunza kusonga ugali kwa sababu ya hesabu za mawimbi.

Mashine yetu ya MRI ilipowasili, miaka kumi na tisa iliyopita, Mama Tulia ndiye aliyepelekwa kuisomea. Alirudi na sheria moja ambayo hakuwa na mzaha nayo: hakuna chuma kinachovuka mlango wa chumba cha sumaku. Mkurugenzi wetu alikuja na wageni kuwaonyesha mashine. Mama Tulia alimwambia mara tatu atoe funguo mfukoni. Mkurugenzi akacheka, akasema ni funguo tu. Alipopiga hatua mbili ndani, funguo zilimchomoka mfukoni zikaruka kama ndege na kugonga ukingo wa mashine mbele ya wageni wote. Kesho yake alikuta barua ya onyo mezani kwake, imegongwa mhuri, imesainiwa na Mama Tulia. Mkurugenzi huyo ana moyo. Aliitia fremu, na hadi leo iko ukutani mwake.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa wenzetu wa idara nyingine ambao huona picha tu na hawajui inakotoka. MRI haipigi picha kama kamera ya harusi. Inasikiliza mwangwi. Mgonjwa akiwa amelala ndani ya sumaku, mashine hutuma mawimbi ya redio mwilini na kunasa yanavyorudi, mstari baada ya mstari, mamia ya mistari kwa kila picha. Mistari hiyo ndiyo data ghafi. Ukiitazama kwa macho utaona ukungu wa nukta tu. Kompyuta ndiyo inayoikokotoa mpaka ukungu ule unageuka kuwa ubongo au goti. Ukikusanya mistari yote, picha inatoka safi lakini muda unakwenda. Ukikusanya robo yake, mgonjwa anatoka haraka lakini picha inatoka na vivuli juu ya vivuli, kama kitambaa kilichopigwa chapa mara mbili.

Na muda ndio uliokuwa ukitutesa. Mashine moja, dakika arobaini na tano kwa kila mtu, na foleni ya miezi mitano. Mwaka wa nane wa mashine hiyo alikuja dirishani mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mchangamfu anayeumwa mgongo, na rundo la madaftari kwapani maana alipanga kusahihisha akisubiri. Mama Tulia alimwandikia tarehe ya karibu iliyokuwepo. Miezi mitano baadaye mwalimu aliletwa na kaka yake kwenye kiti cha magurudumu. Picha zilionyesha kitu ambacho kingetolewa mapema bila shida. Wakati huo kilikuwa kimeshaubana uti wa mgongo muda mrefu mno, na miguu haikurudi tena. Jioni ile, Mama Tulia alipokuwa anachukua mkoba wake, alisema tu, "Ile tarehe ni mwandiko wangu."

Hapo ndipo alipoanza kuandika programu. Alikuwa amesoma kwamba kompyuta inaweza kufundishwa: unaionyesha maelfu ya picha zilizokamilika pamoja na zile zile zikiwa zimepungukiwa mistari, hadi inajifunza kutoka kwenye hii chafu kwenda kwenye ile safi. Programu inayojifunza namna hiyo huitwa mtandao, na kule ulikozoeleka, uliendeshwa kwa kompyuta ambazo sisi tulizijua kwa vipeperushi tu. Yeye alikuwa na moja iliyotolewa mapokezi baada ya kuchakaa, akaiweka chini ya meza yake. Akaanza kuupunguza mtandao, huku akipima, akitoa kila kisichobeba uzito, akijaribu tena. Miaka miwili. Mwishowe ukaenea kwenye kompyuta ile ya chini ya meza, na muda wa mgonjwa ndani ya mashine ukashuka kutoka dakika arobaini na tano hadi kumi na mbili.

Foleni ilishuka kutoka miezi mitano hadi wiki saba. Sote tulishangilia, na mimi ndiye niliyekuwa mpiga debe wake mkubwa. Nilipeleka picha zake kwenye mkutano wa madaktari nikapigiwa makofi yaliyokuwa yake. Mama Tulia peke yake hakushangilia sana. Aliomba kwamba kwa nusu mwaka kila mgonjwa apimwe kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, tulinganishe. Tulimwambia foleni haitaruhusu. Waliosema hivyo ni uongozi, na niliyesema hivyo ni mimi. Akakubali, na kukubali huko hajawahi kumtupia mtu mwingine hata siku moja.

Mshonaji alikuja mwezi wa nane baada ya hapo. Mwanamke wa miaka thelathini na nane, ana karakana ya sare za shule yenye cherehani tatu, anafanya kazi na dada yake. Alilalamika kichwa, na kwamba siku hizi uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Alilala ndani ya mashine dakika kumi na mbili. Picha ilitoka nzuri ajabu, laini, bila doa. Niliisoma mimi. Niliandika "Hakuna kasoro," nikatia saini, tukamshauri apimwe miwani na apumzike.

Baada ya miezi minne alirudi ameshikwa mkono na dada yake. Jicho la kushoto lilikuwa halioni. Tulimpima upya kwa mistari yote, na nyuma ya jicho tukakuta uvimbe wa ukubwa wa zabibu umeukandamiza mshipa wa fahamu wa kuonea. Alipasuliwa wiki ile ile. Daktari wa upasuaji aliliokoa jicho la kulia. La kushoto halikurejea.

Nilichukua picha zote mbili, ile nzuri na hii mpya, nikaingia ofisini kwa Mama Tulia. Nilikuwa najiambia kwamba uvimbe umekua kwa kasi isiyo ya kawaida. Yeye alifungua kabati akatoa diski. Ofisi ya hifadhi ilikuwa imemwandikia mara mbili afute data ghafi za wagonjwa kwa sababu zinajaza nafasi, naye mara mbili alijifanya hakuona barua. Aliitafuta mistari ya mshonaji ya siku ile ya kwanza, akaikokotoa kwa njia ya zamani, bila mtandao wake. Picha iliyotoka ilikuwa mbaya, imejaa vivuli. Na kando ya mshipa wa jicho, katikati ya uchafu wote ule, palikuwa na nukta nyeupe ya ukubwa wa punje ya dengu. Kwenye picha nzuri pale pale hapakuwa na kitu.

Tuliikodolea macho muda mrefu.

"Mashine iliiona," alisema. "Ikatuletea. Sisi ndio tulioifuta."

Nikasema programu ndiyo iliyofuta.

"Programu niliiandika mimi, daktari."

Saini yangu ilikuwa pale mezani, chini ya maneno "Hakuna kasoro." Hakuigusa, hakuitaja.

Sababu aliijua kabla jioni haijaingia. Mtandao ulikuwa umefundishwa kwa picha nyingi za vichwa vizima na chache za wagonjwa, ukajizoesha kwamba nukta ndogo ni uchafu. Tena ulikuwa unapita mara moja tu: unapewa picha chafu, unatoa safi, basi. Haukuwahi kurudi kuuliza kama hiyo safi inakubaliana na mwangwi uliosikika. Saa kumi kasoro dakika kumi aliizima programu, akaandika kwenye ubao wa idara kwamba tumerudi kwenye njia ya zamani hadi taarifa nyingine.

Foleni ikarudi. Watu walikuja na kadi zao wakaambiwa tarehe zimesogezwa, na wahudumu wa mapokezi wakatukanwa matusi ya nguoni. Mama Tulia alipoyasikia alihamia dirishani. Kwa wiki tatu alikaa pale mwenyewe, akimweleza kila mtu: tulikuwa tunaharakisha, tukakosea, sasa tunarekebisha, samahani. Alasiri tulikaa pamoja, yeye na mimi, tukikokotoa upya picha za wagonjwa elfu mbili mia tatu na kumi na sita waliopita kwenye programu ile. Tulizitazama moja moja. Tulipata watatu wengine. Wawili walikuwa na vitu visivyo na madhara. Wa tatu, mpishi wa hoteli, tulimwita kesho yake na akatibiwa kwa wakati.

Kisha kikaja kikao. Mwanasheria wa hospitali alikuwa ameandaa barua fupi ya kumpelekea mshonaji, yenye maneno kwamba matokeo ya awali "hayakuwa kamilifu." Mama Tulia aliisoma akairudisha katikati ya meza.

"Huyu dada haoni jicho moja," alisema. "Mnataka alijue hili kwa barua isiyosema kitu?"

Mwanasheria akaeleza hatari zake, kwa upole, na hakuwa mtu mbaya. Mkurugenzi akamgeukia Mama Tulia. "Nenda ukamwambie. Yatakayokuja nitayabeba mimi."

Tulikwenda wawili. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, marobota ya kitambaa cha buluu yamepangwa ukutani, vipande vya nyuzi vimetapakaa sakafuni. Mshonaji alikuwa amekaa mbali na cherehani, jicho limefunikwa, anatia vifungo kwa kupapasa. Dada yake ndiye aliyekuwa anashona. Mama Tulia aliomba nafasi kwenye meza ya kukatia, akatandaza picha mbili, akaeleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa, bila kumung'unya neno. Alipomaliza nikasema, "Na mimi ndiye niliyesaini kwamba huna kitu."

Dada alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Tokeni. Tokeni hapa!"

"Waache," mshonaji akamwambia. "Nataka kuelewa." Akainama, picha karibu na jicho lake zima. "Kwa hiyo siku ile nilipokuja, hiki kilikuwepo?"

"Kilikuwepo," Mama Tulia akajibu.

"Na nyinyi mlikuwa nacho? Humu kwenye mashine zenu?"

"Tulikuwa nacho."

Mshonaji aliigeuza picha kifudifudi juu ya meza. "Leo sina neno la kuwaambia. Nendeni tu."

Tuliondoka. Mume wa Mama Tulia alinisimulia baadaye kwamba siku ya tatu alimkuta mkewe anaandika barua ya kuacha kazi. Fundi wa lifti aliisoma begani kwake hadi mwisho. "Lifti ikianguka," alimwambia, "wa kwanza kuitwa ni yule aliyeifunga. Si kwa sababu wanampenda. Kwa sababu anajua palipolegea." Barua haikufika kwa mtu yeyote.

Ilimchukua mwaka mmoja na nusu kuandika programu ya pili, na nitajitahidi kuieleza kwa ufupi kwa kuwa yeye angeieleza kwa siku nzima. Mtandao mpya haupiti mara moja; unazunguka mara nane. Kila mzunguko unasafisha kidogo, kisha unalazimishwa kurudi kwenye data ghafi na kujibu: picha hii ikigeuzwa tena kuwa mwangwi, inafanana na mwangwi uliosikika kweli? Pasipofanana, kilichosikika ndicho kinachoshinda. Mizunguko yote nane inatumia mtandao ule ule mdogo, kwa hiyo kompyuta ya chini ya meza iliumudu. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi kama msomaji wa picha namshukuru kwalo kila siku. Programu inaikokotoa picha mara kadhaa, kila mara ikijifichia baadhi ya mistari, na mahali ambapo majibu yanatofautiana inapapaka rangi ya chungwa. Maana yake: hapa sina hakika. Na sheria yake ni kwamba hakuna daktari anayetia saini juu ya rangi ya chungwa. Mgonjwa anarudi ndani, sehemu ile inapimwa kwa mistari yote.

Kuhusu kompyuta ile, kuna mgeni mmoja aliyevaa tai, kutoka taasisi kubwa, aliyeomba aonyeshwe chumba cha mitambo kinachoendesha kazi hii. Mama Tulia aliinua kitambaa cha meza. Mgeni akainama, akatazama, akauliza vingine viko wapi. Alipoambiwa ndiyo hiyo basi, alipiga picha na simu yake akiwa amepiga magoti.

Safari hii hakumsikiliza mtu kuhusu foleni. Alibandika tangazo akiomba watu wa kujitolea kupimwa mara mbili, polepole na haraka, zaidi ya saa nzima ndani ya sumaku, ili picha zilinganishwe. Kwa siku nne karatasi ilikaa tupu. Siku ya tano asubuhi niliona jina la kwanza, limeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda. Lilikuwa la mshonaji.

Alikuja na dada yake, ambaye hakutusalimia. Mama Tulia alimwambia hana wajibu wowote wa kufanya hivi. "Najua," mshonaji akamjibu. "Lakini daktari wa upasuaji alibakiza kipande asichoweza kukifikia. Mimi najua kasoro yangu iko wapi. Nataka kuona kama na hiyo yenu inajua."

Alilala saa nzima na dakika tano. Alipotoka hakutaka kwenda kuvaa; alikuja na gauni la hospitali hadi kwenye skrini, akavuta kiti. Picha ya haraka ilijichora mbele yake. Pale nyuma ya jicho palikuwa na kipande cheupe, kidogo, kimezungukwa na ukingo mwembamba wa chungwa.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho hicho," Mama Tulia alisema.

Mshonaji alikitazama. Kisha akasema "Haya," akasimama, akaenda kuvaa. Tangu siku hiyo huja kila mwaka kupimwa, na hukaa dakika chache ofisini kwa Mama Tulia wakizungumza habari za watoto na bei za vitambaa. Hajasema kwamba amesamehe. Mama Tulia hajawahi kumuuliza.

Baada ya jina lile karatasi ilijaa. Watu mia nne walipimwa mara mbili kwa miezi kumi na moja, nasi tukazisoma picha zote, wasomaji wawili wawili bila kuonana. Ndipo programu ikaruhusiwa. Imetumika miaka sita sasa. Foleni ya leo ni siku tisa. Mgonjwa anakaa ndani ya mashine dakika kumi na tatu, yaani dakika moja zaidi ya ile programu ya kwanza. Ukimuuliza Mama Tulia amefanya nini katika miaka yake yote, atakuambia ameongeza dakika moja.

Miaka yake miwili ya mwisho kazini aliitumia zaidi barabarani. Hospitali tatu ndogo zina mashine dhaifu za zamani, ambazo picha zake zilikuwa karibu hazisomeki, na hakuna hata moja yenye uwezo wa kuwa na kompyuta kubwa. Alikwenda kwa kila moja akakaa wiki sita, akafunga programu kwenye kompyuta za kawaida, akafundisha mafundi. Mafundi hao wananiambia kwamba siku ya kwanza hakuwaonyesha jinsi ya kuiwasha. Aliwaonyesha jinsi ya kuizima.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa ofisini kwake simu ilipoita. Alikuwa fundi wa hospitali ya tatu, mwanamke mwenye sauti ya chini, na Mama Tulia aliiweka simu mezani nami nikasikia.

"Shikamoo, mama. Samahani kukusumbua, huenda mimi ndiye ninayekosea."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Ni wagonjwa waliofungwa skrubu mgongoni, zile zisizovutwa na sumaku. Karibu na chuma hakuna mwangwi unaorudi, lakini programu inachora mfupa mzuri kabisa. Na haipaki chungwa. Inasema ina hakika."

Mama Tulia alivua miwani. "Umeizima?"

"Nimeizima tangu asubuhi. Nimewaambia wagonjwa wasubiri. Daktari wetu hakufurahi."

"Umefanya vyema. Nitumie data ghafi."

Zilifika alasiri ile. Fundi alikuwa sahihi. Pale ambapo chuma kimezima mwangwi, programu ilikuwa inajaza pengo kwa mazoea, na kwa kuwa ilijaza vile vile kila mara, majibu hayakutofautiana na shaka haikuonekana. Mama Tulia aliizima na ya kwetu kwa wagonjwa wa aina hiyo, akazipigia simu hospitali nyingine mbili, akakaa siku kumi na mbili akirekebisha. Hatukukuta mgonjwa aliyeumizwa. Kwenye kumbukumbu ya marekebisho aliandika jina kamili la fundi yule kama mgunduzi wa kosa, na chini yake la kwake kama mwenye kosa.

Alipomaliza alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akashusha pumzi.

"Aliizima kabla hajaniuliza, daktari," alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na alikuwa anatabasamu. "Hakusubiri ruhusa yangu. Sasa naweza kwenda."

Siku ile ile aliomba awekewe tarehe ya kuagwa, jambo ambalo alikuwa amelikwepa tangu mwaka uanze. Kitengo atakikabidhi kwa fundi huyo wa sauti ya chini, ambaye amekubali kuhamia kwetu na ataanza kazi tarehe moja.

Mama Tulia, kwa niaba ya wenzako wa radiolojia, wa mapokezi uliokaa nao dirishani, wa chumba cha upasuaji na wa ofisi ya hifadhi ambao hawajakusamehe zile diski, asante. Asante kwa kila uliyemrudisha nyumbani mapema. Asante kwa wale wanne uliowatafuta wakati ungeweza kunyamaza. Na asante kwa upande wangu binafsi, kwa yale yote ambayo ungeweza kuniambia siku ile juu ya saini yangu na hukuyasema. Nimejifunza kusoma picha upya tangu hapo. Nenda kwa mumeo, kwa mabinti zako na wajukuu. Tunakuombea afya njema, asubuhi zisizo na kengele, na maisha mema kwa siku zako zote zilizobaki.